Diski Mama

Kicheko cha kwanza kilitoka masjala. Fundi alikuwa chini ya meza ya mhasibu, magoti sakafuni, bisibisi mdomoni, akirudisha waya wa printa mahali pake. Kicheko hicho hakikumshtua. Alidhani wanafurahia kasi. Tangu asubuhi watu wa idara ya maji walikuwa wakiwasha kompyuta zao kama watoto walionunuliwa baiskeli: unabonyeza, unahesabu hadi kumi, imewaka. Wiki iliyopita mtu alibonyeza, akaenda kunywa chai, akarudi, akakuta mashine bado inajikuna.

"Fundi, umetuharibia," mhasibu alisema kutoka juu ya meza. "Sasa tukichelewesha kazi tutasingizia nini?"

"Singizieni umeme, mzee."

Kicheko cha pili kilikuja kikubwa zaidi, cha watu wengi, kikifuatwa na sauti ya karani wa masjala. "Jamani njooni msome. Nafungua programu ya kuandikia nianze barua yangu, nakuta karatasi ya mtu iko juu kabisa kwenye orodha. Faili linaitwa 'mimi'."

"Ulijiandikia mwenyewe ukasahau," mtu alimtania.

"Nisahau nini, mashine nimeiwasha leo? Sikilizeni." Akasoma kwa sauti, akiburuta maneno kama mtoto wa shule anayefuata mstari kwa kidole. "Masjala. Mhasibu. Stoo. Usiingie bila kubisha. Haya ni maneno ya milango. Mimi nayajua yote. Nilisema nimefika darasa la saba. Niliishia la pili. Nikipewa karatasi nasema nimesahau miwani. Mimi sina miwani."

Hapo masjala nzima iliangua kicheko. Fundi alitoa bisibisi mdomoni. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiambiwa na mkewe, kila barua ya shule ya watoto inapofika, "Isome wewe baba watoto, miwani yangu sijui nimeiweka wapi." Alijua kwamba kusoma kunampa taabu, lakini katika miaka yote hiyo hakuwahi kuiona hiyo miwani, wala hakuwahi kujiuliza.

"Ngoja, haijaisha," karani aliendelea. "Sasa najifunza. Mume wangu ananifundisha. Ana subira sana."

"Hata mimi ninayo," mhasibu alisema, akiinamia kioo chake. "Hii hapa. 'Mimi'." Kutoka chumba cha mita mtu akaitikia kwamba na kwake ipo, na kutoka dirisha la malalamiko pia, na kwa muda mfupi idara nzima ilikuwa ikiitana kutoka chumba hadi chumba, kila mmoja akilikuta faili lilelile mahali palepale. Kompyuta kumi na saba. Walicheka mpaka wenye bili zao waliopanga foleni nje wakaanza kuchungulia.

Watu wale hawakuwa wabaya. Hiyo ndiyo habari mbaya yenyewe. Wakifiwa huchangiana, mmoja wao akilazwa hospitali huenda kumwona kwa zamu. Ila macho yao yalikuwa na namna yake, yanakiona kikombe kichafu na hayamwoni anayekiosha. Ofisi hiyohiyo iliwahi kumwondoa tarishi wake wa miaka ishirini siku simu za mezani zilipofika. Alipewa barua ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyetumwa kuipeleka, meza kwa meza, mpaka alipoambiwa ifungue, ni yako. Hakuna aliyebaki ofisini anayemkumbuka, isipokuwa wasafishaji.

Karani wa masjala alikuja, uso mzima ukiwa na machozi ya kicheko. "Fundi, tuambie. Huyu ni nani?"

Fundi alisimama, akajipangusa magoti. Mlangoni, nyuma ya bega la karani, alimwona mkewe. Alikuwa ameshika mti wa deki kwa mikono miwili, ndoo miguuni. Hakuwa amefika wakati huo, alikuwepo muda wote. Sakafu ya korido nyuma yake ilikuwa imedekiwa hadi hapo mlangoni, na mbele yake ilikuwa kavu.

"Simjui," fundi alisema. "Pale kwangu wanapita watu wengi. Labda mtu aliichezea mashine."

"Na mumewe je, huyu mwenye subira?"

Angeweza kunyamaza. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba hakuna aliyemlazimisha aongeze neno. "Huyo," alisema, "hata mimi ningependa kumwona." Akacheka. Alicheka vizuri, kwa sauti, kama mtu wa pale pale ofisini.

Mti wa deki uliingia ndani ya ndoo. Mwanamke alikamua maji, akapiga deki kipande kilichobaki mpaka kwenye viatu vya mumewe. "Pisha mguu, fundi," alisema.

Alipisha.

*

Kazi ile fundi aliipata kwa mkono wa mkewe, huyo huyo wa deki. Alikuwa akifuta vumbi kwa mkuu wa idara, mkuu akilalamika peke yake kwamba kompyuta zinakufa kwa uzee, na yeye akasema, huku akipangusa simu, kwamba mtaani kwao yupo fundi mmoja hodari. Hakusema mume wangu. Kwenye ubao wa matangazo kulikuwa na karatasi iliyokataza ndugu wa wafanyakazi kupewa kazi za idara, na karatasi hiyo alikuwa ameshaisoma, herufi kwa herufi, wiki nzima, kila siku mstari mmoja.

Fundi alijaza fomu. Mahali palipouliza kama ana ndugu yeyote ndani ya idara aliandika hapana, akatia sahihi. Mkewe alicheka kwamba leo ameachika bila talaka. Asubuhi ya kazi waliondoka nyumbani kwa njia mbili tofauti, na walipokutana kwenye geti yeye alisema, "Habari za asubuhi, mama," na mkewe akamjibu, "Nzuri, fundi. Pita pembeni, pana maji." Kwa wakati huo ulikuwa mzaha wao wawili.

Diski zilinunuliwa na idara: SSD kumi na saba, nyembamba kama daftari la mfukoni, zisizo na kitu cha kuzunguka ndani, kwa hiyo hazichoki wala hazilalamiki. Kuipigia kila moja windo, ule mfumo wa kuiwasha, na kuiwekea programu moja moja, ingemchukua wiki. Mafundi wana njia yao. Unatengeneza moja, unaitimizia kila kitu, hiyo unaiita mama. Halafu unaingiza mama upande mmoja wa kisanduku cha kudurufia na diski tupu upande wa pili, unabonyeza, na baada ya dakika ishirini una mtoto ambaye ni mama mtupu: programu zilezile, picha ileile ya maua kwenye kioo, na kila kitu kingine kilichomo tumboni.

Diski mama aliitengenezea nyumbani, kwenye kompyuta yake kuukuu, juu ya meza ya kulia chakula. Jumamosi nzima aliifanyia kazi. Aliweka mfumo, akaweka programu ya kuandikia, ya mahesabu, ya kusoma mita, akaweka madereva ya printa tatu za ofisi. Watoto walifukuzwa nje. Mkewe alikaa kwenye kiti cha pembeni akichambua maharage, akitazama.

"Huyo dereva wa printa anaendesha nini?"

"Anaiambia printa maneno ya kompyuta. Hazielewani lugha."

"Kumbe ni mkalimani. Mbona mnamwita dereva?"

"Mama watoto, nina kazi."

Akasogeza kiti. "Na herufi kubwa unaitoa wapi?" Akanyoosha kidole kuelekea kwenye kibodi.

"Toa mikono ya maji kwenye mashine ya watu."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama anavyosema mtu aliyeshughulika, na mkewe aliutoa mkono, akaupangusa kwenye kanga, akarudi kwenye maharage. Ilikuwa mara ya nne katika ndoa yao kuomba afundishwe. Mara ya kwanza, mwaka wa harusi, alimwambia kesho. Mara ya pili alimwambia mtoto akianza shule mtajifunza pamoja. Mara ya tatu alimuuliza, ukishajua kusoma utasoma nini? Basi alijifunzia kwenye milango. Kila mlango wa idara una kibao, na kila kibao lazima kifutwe vumbi. Alijua ndani ya masjala kuna nini kabla hajajua kwamba yale maandishi juu yake ndiyo neno masjala. Alianzia hapo, akitoka kwenye kitu kuelekea kwenye neno lake, akaja kwenye makopo ya sabuni, akaja kwenye ubao wa matangazo.

Fundi alijaribu kila programu Jumamosi jioni, ikafunguka, ikafungwa, ikachapa ukurasa wa majaribio. Jumapili alikula mchana akalala kama gunia. Alipoamka, alichomoa diski mama, akaanza kudurufu, hakuiwasha tena. Angeiwasha mara moja tu, akafungua programu ya kuandikia, angeliona faili lile juu kabisa ya orodha. Lakini nani angegusa mashine? Watoto walikuwa nje. Nyumbani hakukuwa na mtu mwingine, ila yule tu.

*

Afisa utumishi hakucheka. Alikuwa mtu wa karatasi, na faili lile alilichapa kwenye karatasi. Aliishika mkononi, akamwita fundi ofisini kwake amfutie faili hilo kwenye mashine, na wakati fundi anavuta kiti, akaanza kufikiri kwa sauti, kama wafanyavyo wakubwa mbele ya watu wasiowahesabu.

"Masjala. Mhasibu. Stoo. Hiyo ni korido yetu, kwa mpangilio, ukitokea getini. Na 'Usiingie bila kubisha' ni mlango wangu. Hakuna ofisi nyingine yenye kibao hicho, niliagiza mwenyewe." Akaiweka karatasi juu ya nyingine iliyokuwepo mezani, na hiyo nyingine fundi aliitambua hata ikiwa kichwa chini: fomu yake mwenyewe, ikingoja sahihi ya kupokea kazi. "Huyu ni mtu wetu. Na ametudanganya kwenye maombi ya kazi."

"Labda ni utani wa mtu," fundi alisema.

"Serikali haitaniwi." Akafungua mlango. "Niitieni wasafishaji."

Walikuwa watatu. Waliingia wakapanga mstari ukutani bila kuambiwa, kama watu waliozoea kupangwa. Mkubwa wao, ambaye ofisi nzima humwita Bibi Ndoo, alikuwa ameshaanza kazi pale tangu enzi za yule tarishi. Wa pili alikuwa msichana wa kuletwa na mjomba wake, mwenye cheti na kucha ndefu. Wa tatu alikuwa mke wa fundi. Karani wa masjala alijibanza mlangoni, na nyuma yake vichwa vingine.

Afisa alisukuma karatasi tupu na kalamu hadi ukingoni mwa meza. "Kila mmoja ataandika mstari mmoja nitakaomsomea. Tuanze na wewe, mama."

"Mimi?" alisema Bibi Ndoo. "Mwanangu, ningejua kuandika ningekuwa hapa na ndoo? Ningekuwa nimekaa hapo, na wewe ndiye ungekuwa unanipisha mguu."

Kuna aliyecheka mlangoni. Afisa alisubiri kicheko kiishe. "Kwa hiyo na wewe ulidanganya kwenye fomu?"

"Fomu ipi? Mimi niliajiriwa kwa kutazamwa mikono."

Fundi alikuwa ameshika kipanya, kishale kikiwa juu ya neno "mimi". Alihesabu. Akisema, ni mke wangu, aliandika nyumbani kwangu, kosa ni langu sikukagua, basi ile fomu yake juu ya meza, yenye neno hapana, itakuwa imejisoma yenyewe. Kazi itakwenda, na jina la fundi mwizi wa tenda litafika kwenye kila ofisi aliyokuwa akiiota. Na pengine mkewe ataondolewa vilevile, kwa kosa la pili juu ya la kwanza. Aliipanga hesabu hiyo vizuri sana, ikatoka kama alivyotaka itoke. Watu tunajua kuzipanga hizi hesabu. Hazijawahi kutushinda.

"Waache," mkewe alisema. "Ni mimi."

Hakupiga hatua mbele wala hakuinua sauti. Alikuwa bado na kitambaa cha vumbi mkononi, akakikunja mara mbili, akakitia mfukoni mwa aproni.

"Uliiandika wapi?"

"Kwa fundi. Nilipita pale, mwenyewe hayupo, nikaiona mashine iko wazi. Nikajaribu."

"Fundi, ni kweli?"

Kila mtu alimtazama fundi isipokuwa mkewe, aliyekuwa akitazama kibao kilichokuwa ndani ya mlango, kile kinachosema ZIMA TAA.

"Sikuwepo," fundi alisema.

"Hanijui," mkewe alisema. "Mimi pia simjui. Namjua kwa kazi yake tu."

Afisa aliketi. Alimwondoa fundi kitini kwa ishara ya vidole, akafungua ukurasa mpya, akaanza kupiga barua. Mashine ile iliitikia kila herufi papo hapo. "Nzuri kweli hii," alisema katikati ya sentensi, kwa moyo mweupe kabisa. "Zamani barua kama hii ingenimaliza nusu saa." Alibonyeza kuchapa. Printa kwenye kona ilipata maneno yake kutoka kwa dereva ambaye fundi alimweka Jumamosi, mke akiuliza anaendesha nini, ikalia kidogo, ikatoa ukurasa mmoja wa moto.

"Tia dole gumba hapa chini," afisa alisema, akisogeza kidau cha wino. "Mimi nitakueleza yaliyomo."

"Naomba nisome kwanza."

"Nimesema nitakueleza."

"Nimesikia. Naomba nisome."

Aliichukua karatasi kwa mikono yote miwili. Alianzia juu, kwenye anwani ya sanduku la posta, akasoma mpaka tarehe. Alisoma kwa sauti, kwa sababu hakujua kusoma kimya. Hakuna aliyemwambia kwamba inawezekana. Kila neno alilikaribia polepole, akalikata, akaliunga, akalisema, halafu akaliacha na kwenda kwa linalofuata. Ilichukua muda mrefu. Mlangoni mtu mmoja alikohoa, mwingine akaondoka kwa ncha za vidole. Msichana mwenye kucha ndefu alikuwa ameinamisha kichwa. Bibi Ndoo alikuwa akitikisa chake kwa kila neno lililofanikiwa, kama anayehesabu mzigo unaoingia stoo.

"Idara. Ina-sikitika. Ku-kuarifu. Kuwa. Ume-simamishwa. Kazi. Kuanzia. Leo. Kwa. Kosa. La." Hapo alisimama. Alilijaribu neno kwa mdomo bila sauti. Akalirudia. Lilikuwa refu, na halikuwepo kwenye mlango wowote.

Afisa alifungua mdomo kumsaidia, lakini mwanamke alikuwa ameshageuka. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alimtazama mumewe usoni. Hakukuwa na hasira katika macho yale, na fundi angetoa chochote ili iwepo.

"Fundi," alisema. "Wewe umesoma. Hapa wameandika nini?"

Fundi alikuja mpaka ubavuni pake. Alisikia harufu ya sabuni ya sakafu na ya nyumbani kwake. Aliinama juu ya karatasi, akaweka kidole chini ya neno.

"U," alisema.

"U."

"Da."

"Da."

"Nga."

"Nga."

"Nyi. Fu."

"Nyi-fu," alisema mkewe. Kisha akaliunga lote pamoja, taratibu, mbele ya watu. "Udanganyifu."

"Ndiyo."

"Ahsante, fundi."

Alikisogeza pembeni kidau cha wino, akachukua kalamu, akaliandika jina lake lote, la kwake na la baba yake, bila kuharakishwa na mtu. Karani wa masjala, aliyekuwa amebaki peke yake mlangoni, ndiye aliyeona kwamba kidole cha fundi hakikuwa kimeondoka kwenye karatasi, kwamba kilikuwa kimelala juu ya kidole cha yule mwanamke kama kilichozoea kulala hapo, na kwamba ni mwanamke ndiye aliyeutoa mkono wake. Karani alishusha macho, akarudi kwenye meza yake, na mashine yake ikamwonyesha tena, juu kabisa ya orodha, lile neno ambalo hakuna aliyekuwa amelifuta.

Fundi alibaki amesimama. Neno moja, silabi tano. Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza alilowahi kumpa mkewe.